Sauti ya Marehemu Lila

Hounslow, London
9 Februari 2022

Kaka Godlisten,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno.

Ninakuandikia kwa kalamu kama baba alivyotufundisha kwa sababu simu imenishinda. Tangu mwaka juzi nikikupigia unapokea, unanyamaza, halafu unakata. Nasikia kuku wa uani, nasikia mtu anapasua kuni, wewe sikusikii. Kama hasira bado ni ile, kwamba nilirudi London wiki mbili tu baada ya kumzika mama, niambie nijue moja. Kununa kwa miaka miwili ni kazi ngumu, na wewe umri umekwenda.

Habari yenyewe ni hii: nimerekodi. Albamu nzima, nyimbo kumi. Kuna mzee anaitwa Albert, Mwingereza, miaka sabini na nne. Ujana wake wote alipiga lile gitaa la chuma linalolazwa mapajani, linalolia kama mtu anayejizuia kulia. Alinikuta Jumapili mchana kwenye baa moja hapa Hounslow ambako mtu yeyote anaruhusiwa kupanda na kuimba. Nilipomaliza alikuwa amesimama, ameshika kiti kwa mikono miwili.

"Nani alikufundisha kuivunja sauti pale?" akaniuliza.

"Kaka yangu. Alikuwa na bendi ya hoteli, Moshi."

Albert anasema ninachoimba si ile kantri ya farasi na mashamba. Kinaitwa honki-tonki. Ni muziki wa baa, wa mtu aliyetoka kazini lakini hana hamu ya kufika nyumbani. Nikamwambia basi mimi nimeishi ndani yake tangu 2009.

Studio yake ni chumba kilicho nyuma ya duka la mapazia. Ndege za Heathrow zinapita juu ya paa, kwa hiyo tunaimba, tunasimama, tunasubiri ipite, tunaanza upya. Kwenye wimbo wa nne imebaki moja, ukitega sikio utaisikia.

Nimekuwekea nyimbo zote kwenye flashi. Anakuja nayo Restuta, ninayefanya naye kazi. Anakwenda likizo kwao Rombo. Kasha la albamu likitoka litakuwa na picha yangu na jina langu.

Mdogo wako,
Aikaeli


Machame
20 Machi 2022

Mdogo wangu Aikaeli,

Marahaba. Restuta alifika na flashi pamoja na sweta uliyonitumia. Sweta inanibana, lakini naivaa.

Tumesikiliza nyimbo zako, mimi na Elinaja. Sauti yako imekomaa. Hicho kinanda cha kwenye wimbo wa tatu kimenigusa sana. Mama angefurahi.

Kuhusu simu, ujue mtandao wa huku mgombani ni wa kubahatisha. Leo upo, kesho haupo. Usihangaike nao. Niandikie. Nikipata barua yako naisoma mara nyingi nitakavyo, simu ikikatwa imekatwa. Hasira sina. Mama alikuwa amekwisha kukuaga, na mimi nilikuwepo alipokuaga.

Elinaja sasa anafundisha shule ya msingi hapa hapa kijijini. Anakusalimu shangazi yake.

Kaka yako,
Godlisten Nkya


Hounslow
14 Agosti 2022

Kaka,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako miezi mitano nikijiuliza kama nijibu.

Hakuna kinanda. Kwenye wimbo wa tatu hakuna, kwenye albamu nzima hakuna. Kuna magitaa mawili, besi, ngoma na fidla. Wewe uliyekuwa unasimamisha bendi nzima kwa sababu uzi mmoja wa gitaa umelegea unywele mmoja, wewe ndiye umesikia kinanda? Umenisifu kama mtu anavyosifu chakula ambacho hakukionja. Bora ungesema hukupata nafasi.

Naendelea na kazi. Napanga trei za chakula cha abiria wa ndege, trei mia nne kwa shifti: kijiko, uma, mkate, siagi. Zinaruka kwenda kila mahali. Jumamosi asubuhi nakwenda nyuma ya duka la mapazia. Albamu ya pili na ya tatu tumezimaliza. Kasha bado, mchoraji anachelewesha.

Sijui kwa nini nakueleza. Labda kwa sababu huku hakuna mwingine ninayeweza kumweleza.

Aikaeli


Machame
11 Januari 2023

Aikaeli,

Jumapili iliyopita Elinaja alikuwa anapiga pasi, redio ikiwa wazi kwenye kipindi cha kantri. Akaacha pasi juu ya gauni mpaka likaungua. Alinijia shambani mbio. Anasema wewe ulikuwa unaimba. Anasema hawezi kukosea, ni wimbo wa nne wa ile flashi, na ndege inapita mle mle inapopita.

Halafu mtangazaji akasema mwimbaji huyo anaitwa Lila, Mwingereza, na kwamba alifariki mwaka 1991.

Nimemwambia Elinaja asimwambie mtu. Lakini usingizi sipati. Uko hai? Kuna mtu huko aliyekufungia mahali? Niandikie kwa mkono wako mwenyewe, mwandiko wako naujua.

Godlisten


Hounslow
29 Januari 2023

Kaka yangu,

Niko hai. Huu ndio mwandiko wangu, tazama ile "k" uliyokuwa unanichapia.

Nilikudanganya. Kasha lilitoka zamani, na halina jina langu. Halikuwahi kupangiwa jina langu. Kuna picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye nywele za kahawia, ameshika sigara, anatazama pembeni.

Lila alikuwa mke wa Albert. Miaka ya themanini aliimba kwenye mabaa ya London kusini, Lewisham ndiko alikojulikana zaidi. Alirekodi albamu moja, akafika nusu ya pili, akafa kwa ugonjwa wa damu. Wapenzi wa muziki huu wanaitafuta ile santuri yake kama dawa. Albert alinipa niisikilize siku ya tatu tangu tujuane. Kaka, nilisikia sauti yangu. Sisemi inayofanana na yangu. Hata ule mchezo wa kuchelewa kidogo nyuma ya gitaa, ambao wewe ulikuwa unanigombeza kila siku, alikuwa nao.

"Nisaidie nimalizie ile nusu," aliniambia. "Nyimbo tano tu. Ili niisikie ikiwa imetimia kabla sijafa."

Nikaimba tano. Alilia mpaka akaondoka chumbani. Nilidhani tumemaliza, kumbe ndiyo kwanza. Aliwasikilizisha watu wawili watatu, wakamwambia wamepata hazina, kanda za Lila zilizopotea. Yeye hakuwasahihisha. Akaja kwangu na karatasi. Albamu tano. Jina ni la Lila. Mpaka zitimie tano nisiimbe popote kwa jina langu, na nisimwambie mtu.

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. Sijawahi kusimama mbele ya kipaza sauti cha maana. Niliogopa kwamba nikiuliza swali moja ataghairi, nikasaini nimesimama, koti sijavua.

Tukimaliza wimbo anauongezea mkwaruzo uonekane wa zamani. Ile ndege ameiacha makusudi. Anasema hata enzi za Lila ndege zilipita.

Mwezi uliopita nilikwenda Tottenham kwa Bijou, Mkongomani anayenisuka. Alikuwa amefungulia Lila. Akaniambia, "Sikiliza huyu mama. Huyu aliyajua mateso. Siku hizi hakuna anayeimba hivi." Kichwa changu kilikuwa mikononi mwake, nusu kimesukwa, nusu bado. Nilikaa pale saa tatu nzima nikijisikiliza nimekufa. Wateja wengine wakaimba kiitikio. Na mimi ningeimba, lakini ingekuwaje? Nikafunga mdomo.

Albamu nne tayari. Imebaki moja. Lakini Albert ameanza kusema kuna watu wanaulizia ya sita.

Nakuomba kitu kimoja. Tafuta mahali penye mtandao, hata Moshi mjini, unipigie. Sitaki ushauri. Nataka kusikia mtu anayeniita Aikaeli.

Mdogo wako


Machame
26 Februari 2023

Mdogo wangu,

Sasa ni zamu yangu.

Mtandao wa hapa ni mzuri. Mnara uko mlimani, nauona nikiwa kitandani. Mimi ndiye mbovu. Mwaka 2019 nilipougua kifua nilichomwa sindano miezi mingi. Zilinitibu. Daktari alikuwa amenionya kwamba zinaweza kuchukua masikio, na nilikubali kwa sababu chaguo la pili lilikuwa kaburi. Zikachukua. Kwanza zilikwenda sauti za juu, ndege na filimbi, halafu za watu. Ulipokuja kumzika mama nilikuwa bado naokoteza maneno. Kufikia Pasaka ya 2020 hata radi sikuisikia, niliona tu watu wanainua vichwa.

Ulipopiga simu nilipokea kwa sababu ni wewe. Nilitazama kioo kinavyohesabu sekunde, nikajua unaongea. Nilisubiri mpaka nikaona imetosha, nikakata. Sikujua kwamba ulikuwa unasikia kuku.

Nyimbo zako sijazisikia hata moja. Elinaja alinisimulia. Kinanda nilikibuni mwenyewe. Kwenye bendi yetu wimbo wa tatu kila mara ulikuwa na kinanda. Ulipoandika kuhusu chakula ambacho sikukionja niliisoma barua ile nikakaa chini. Ulisema kweli, na sikuwa na ujasiri wa kukujibu.

Kwa nini nilificha? Wewe ulikuwa unaimba ili mimi nisikie. Ulisema hivyo ukiwa na miaka tisa, na nadhani hukuacha. Niliogopa kwamba ukijua huku hakuna sikio, utanyamaza.

Baba aliniita Godlisten. Siku hizi najua lile lilikuwa ombi lake yeye, mimi nilipewa tu nilibebe.

Ushauri hukuutaka. Nasema neno moja tu kuhusu huyo mama Lila. Aliimba nyimbo kumi na tano, akafa. Nyingine zote anaimbishwa. Hakuulizwa. Mmefungwa kamba moja nyie wawili, na yeye hana mdomo wa kukataa. Wewe unao.

Kaka yako, kiziwi,
Godlisten


Hounslow
18 Novemba 2023

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kimya hiki. Barua yako niliisomea kwenye chumba cha mapumziko kazini, Restuta akanifunika koti kichwani ili msimamizi asinione ninavyolia. Nilikununia miaka mitatu mtu asiyesikia. Sina la kusema juu ya hilo ila pole, na pole haitoshi.

Neno lako kuhusu Lila lilikaa na mimi. Mwezi wa nne nilikwenda ofisi ya ushauri wa sheria wa bure hapa Hounslow. Wakili anaitwa Reena. Wazazi wake walikuwa na duka Arusha kabla ya kuhamia huku, naye anaongea Kiswahili alichokipata jikoni kwa mama yake. Alisoma mkataba mara mbili.

"Ulisaini mwenyewe, dada," akasema. "Hukushikiwa panga."

"Najua."

"Lakini huyu mzee hataki jambo hili litoke nje. Na wewe hutaki aaibike. Mnaogopa kitu kimoja. Watu wanaoogopa kitu kimoja wanaweza kukaa mezani."

Ilichukua mpaka mwezi wa tisa. Tulikaa sebuleni kwa Albert, Lewisham. Picha za Lila zimejaa ukutani, na alinikalisha chini ya kubwa kuliko zote. Albert amekonda, mikono inamtetemeka, gitaa hawezi tena. Nilikuwa nimejipanga kuwa mkali. Ukali ukanitoka.

"Ukiondoka," akaniambia, "anakufa mara ya pili."

"Albert, Lila alikufa mara moja tu. Mimi ndiye ninayekufa kila Jumamosi asubuhi."

Akaenda jikoni kuchemsha maji. Birika lilichemka, likazima, akaliwasha tena. Reena alitaka kuinuka, nikamzuia. Aliporudi alikuwa na vikombe vitatu kwenye trei, chai yote imemwagika kwenye visahani.

"Basi albamu ya tano tuiache," akasema. Halafu akasema, "Nilijua kwamba si yeye. Nataka ujue kwamba kila siku nilijua."

Tuliyokubaliana ni haya. Zile nne zinabaki za Lila, milele. Siruhusiwi kusema hadharani kwamba ni mimi. Miaka miwili nisirekodi chochote. Kuimba mbele ya watu kwa jina langu naruhusiwa, lakini mtu akiniambia naimba kama Lila, niseme asante, nisiongeze neno. Reena alipigania hilo la mwisho, akashindwa. Kwamba wewe unajua sikutaja, na hawakuuliza.

Jumapili iliyopita mchana nikarudi kwenye baa ile ile. Watu kumi na mmoja, pamoja na mhudumu. Restuta alikuja na sare ya kazi. Yule anayeita waimbaji alilivunjavunja jina langu, lakini lilikuwa langu. Niliimba nyimbo tatu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Albert sikuogopa kukosea, na nikakosea mara mbili, na haikuwa kitu.

Nilipokuwa nafunga gitaa akanijia mzee mmoja, mpole, kofia mkononi. Akasema, "Una sauti nzuri sana, binti. Lakini usimwige Lila. Hakuna anayemfikia. Tafuta yako."

Restuta alifungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Nikamwambia yule mzee, "Asante."

Ndivyo ilivyo, kaka. Nimetoka kwenye chumba, niko kwenye kibaraza, na nyumba bado ni ile ile. Miaka yangu bora ya sauti iko kwenye zile nne, na sitaipata tena. Nitakuwa namwiga mtu ambaye ni mimi mpaka nife.

Kurekodi siruhusiwi, na wewe kusikia huwezi. Nilifikiria hilo kwenye basi nikaanza kucheka, mama mmoja akahama kiti. Halafu nikaona kwamba kuandika sijakatazwa. Wimbo huu nimeutunga Jumatatu. Ni wa Kiswahili, sijawahi kujaribu. Hakuna aliyeusikia. Nakuandikia maneno yake kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unakagua maneno kwanza, sauti baadaye.

Nimevaa koti lako,
mikono yanifikia,
mfuko una leso yako,
baridi naisikia.

Waliponiita jina
lako, nikaitikia;
langu kama kwamba sina,
mlangoni naishia.

Niambie ukweli. Usinibunie kinanda.

Aikaeli


Machame
10 Desemba 2023

Mdogo wangu Aikaeli,

Marahaba. Barua imefika jana. Nimeshinda nayo.

Mzee wa kofia alikuwa amekosea, lakini hakukutukana. Alikuambia utafute sauti yako bila kujua anaongea na mwenyewe. Mwache. Watu kumi na mmoja wameondoka na jina lako midomoni, wamelivunja au hawakulivunja. Mimi na bendi tulianza na wanne, na mmoja wao alikuwa mpishi.

Habari za Albert zimenisumbua. Nenda ukamtazame. Usiende kuimba, nenda tu.

Sasa wimbo. Nimeusoma nikiugonga mezani kwa vidole mpaka Elinaja akaja kuona kuna nini. Ubeti wa kwanza, mstari wa tatu, una mizani tisa. Hesabu mwenyewe. Mingine yote ina nane. Utajikwaa pale kila utakapofika, na hakuna gitaa litakalokuficha. Andika "mfukoni leso yako". Umeona? Inakaa.

Ubeti wa pili ni mzuri. Sina la kubadilisha mpaka mstari wa mwisho. Hapo mizani imetimia, ila maneno yenyewe siyakubali. Unasema unaishia mlangoni. Mtu hawezi kuishia mlangoni. Mlangoni anapita, anaingia au anatoka, na msikilizaji amekaa pale na glasi yake anasubiri ajue ni lipi. Wewe umemwacha na mlango wazi na baridi inaingia.

Sitakuandikia mstari huo. Ninao mmoja kichwani, lakini ni wangu, na wewe umekwisha kuimba vya kutosha vya watu wengine.

Elinaja tayari anajaribu sauti ya wimbo jikoni. Namtazama mdomo na namwona anavyojikwaa kwenye ule mstari wa tatu kwa sababu bado anasoma ulivyoandika wewe. Nakwenda kumsahihisha.

Ukikamilisha, andika juu ya karatasi nani ametunga. Majina yote matatu, kama baba alivyoyaandika kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kaka yako,
Godlisten